Jicho la Kushoto la Koplo

Ijumaa mliyoniaga mlinikatia keki yenye umbo la jicho la paka, na Achieng, aliyerithi meza yangu, akahakikisha kipande changu ndicho chenye mboni. Nilikila nikicheka. Baadaye nyumbani, miguu ikiwa juu ya stuli, niliwaza kwamba ni watu wachache sana mjini hapa wanaoweza kukatiwa keki ya namna hiyo wasiulize maswali. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na nimeona nianze mapema kabla sijazoea raha. Ya vyeo nitayaruka, kwa kuwa vyote nilivyopata vinaenea kwenye sentensi hii. Nitaandika kuhusu macho.

Watu wa kanisani kwetu hawajawahi kuelewa nilikuwa nikifanya nini. Wakiniuliza, nawaambia nilikuwa nikiondoa miali kwenye macho ya wanyama pichani, nao hutikisa kichwa kwa heshima kama watu walioambiwa jina la ugonjwa wasioujua. Jambo lenyewe ni rahisi. Mbwa, paka, ng'ombe na wanyama wengine wengi wana ngozi inayong'aa nyuma ya jicho, na hiyo ndiyo huwasaidia kuona gizani. Ukimpiga mmoja wao picha kwa flashi jioni, mwanga unaingia, unagonga pale nyuma, na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Mbwa mpole aliyekuwa akikulamba mkono anatokea kwenye karatasi na taa mbili za kijani usoni. Mwenye mbwa anakuja studio akilalamika kwamba huyu si wake. Kazi yetu ilikuwa kumrudishia wake.

Nilikuwa nimefanya kazi katika studio yetu, ghorofa ya pili nyuma ya City Market, tangu enzi za chumba cha giza cha kusafishia filamu. Nilisafisha picha za harusi na za pasipoti, nikafuta chunusi za maharusi wengi ambao leo ni nyanya. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mwenye studio aliona wateja wa Kitisuru na Westlands wanaleta picha nyingi za mbwa kuliko za watoto, akaamua tuwe na meza ya wanyama. Alimweka pale Mzee Gitau, fundi wa brashi aliyekuwa mkongwe kuliko sisi sote, akasema nikae naye nijifunze. Nilinuna. Niliona nimeteremshwa kutoka kwa maharusi hadi kwa mbwa.

Siku ya kwanza nilifika na brashi zangu nimezifunga kwenye kitambaa safi. Mzee Gitau hakuziangalia. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, aliyevaa sweta hata jua likiwa kali.

"Wangari, enda hapo City Market," akaniambia. "Angalia macho ya samaki."

"Samaki gani, Mzee?"

"Yoyote. Angalia tu, usinunue."

Nilizunguka kwenye meza za samaki huku wauzaji wakinishuku, maana mtu anayeinama kuangalia bila kuuliza bei lazima ana jambo. Niliporudi aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia samaki wa leo ana kamwanga kadogo juu ya jicho, na wa jana jicho lake limekuwa kama karatasi.

"Basi," akasema. "Hiyo mwangaza kidogo ndiyo kazi. Mwanga wa flashi unatoa, hiyo unaacha. Ukitoa yote, umeulia mtu mbwa yake."

Nimefundisha wengi wenu jambo hilo kwa maneno mengi zaidi na sijawahi kulifundisha vizuri hivyo. Jicho lolote lililo hai ni bichi, na kitu kibichi hushika nuru. Kwa hiyo ukishafuta ule mwako wa kijani na kurudisha weusi wa mboni, unarudisha nukta moja nyeupe, ndogo, mahali ambapo taa au dirisha lilikuwa. Nukta hizo mbili lazima zikae upande mmoja. Ukiweka moja kulia na nyingine kushoto, mbwa anaonekana kama amepigwa na habari mbaya.

Zana zetu za mwanzo zingewachekesha. Tulikuwa na brashi nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya unaipoteza, rangi za maji kwenye kisahani cha chai, na lenzi ya mkononi ambayo fremu yake Mzee aliifunga kwa uzi. Ncha ya brashi tuliichonga kwa ulimi. Rangi ya kahawia ilikuwa na ladha ya kutu, na nyeusi ilikuwa afadhali. Mkono wa kulia uliegemea kijiti ili usitetemeke, na kabla ya kugusa mboni tulibana pumzi. Nilikuwa nikifika nyumbani Dagoretti Corner jioni nikihisi nimepanda mlima.

Kompyuta na skana zilipoletwa, tulidhani Mzee Gitau ataaga kazi. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta siku nzima akimwangalia kijana wa kufunga mitambo akifanya kazi, mikono ameikunja. Mwishowe aliuliza swali moja, kama mtu akikosea anaweza kurudi nyuma. Akaonyeshwa kitufe cha kufuta hatua ya mwisho, na kile cha kufuta ya kabla yake.

"Kwa hivyo kukosea imekuwa rahisi," akasema, na kesho yake akaanza kujifunza kutumia mausi.

Alijifunza haraka kuliko mimi. Alinionyesha pia kwamba kile kitufe mnachokipenda sana, cha kuondoa macho mekundu, hakimsaidii mnyama. Kimetengenezwa kwa ajili ya binadamu, ambao macho yao huwaka mekundu kwa sababu ya damu. Paka akiwaka kijani, kompyuta inaangalia, haioni wekundu wowote, inaamua kila kitu kiko sawa. Ninawaandikia hili kwa sababu wiki iliyopita, kabla ya keki, nilimwona mmoja wenu akikibofya mara nyingi na kuilaani mashine. Sitamtaja.

Kila mnyama alikuja na somo lake. Farasi ana jicho kubwa linaloakisi kila kitu kama dirisha la duka: ua, gari, mpiga picha mwenyewe amepanua miguu. Paka mboni yake ni mstari mwembamba juani, lakini chumbani penye giza hufunguka ikawa duara, kwa hiyo usimchoree mstari kwenye picha ya jioni kwa kuwa tu umezoea paka wa kalenda. Mbuzi mboni yake imelala kama tundu la kuwekea sadaka. Hilo la mbuzi alilisahau mwenzetu Otieno, fundi mzuri aliyetoka kwenye picha za watu, akampa beberu wa mteja wa Limuru mboni mbili za duara zilizokolea vizuri. Mteja aliishika picha kwa muda mrefu. "Hii mbuzi yangu inaniangalia kama pasta," akasema. Otieno aliitwa Pasta mpaka alipohama.

Lakini kanuni iliyonibeba miaka yote aliitoa Mzee Gitau bila hata kuinua kichwa, siku mteja mmoja alipotaka tumwondolee mbwa wake kovu la pua. "Kitu imeletwa na kamera, tunatoa," akasema. "Kitu mnyama alikuja nayo, si yetu." Nilidhani ni uvivu wa mzee. Kisha akaja Mutiso.

Mutiso alikuwa mlinzi wa nyumba moja Kitisuru na aliishi chumba kimoja Kangemi. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, koti lake la kazi limepigwa pasi vizuri kuliko suti za mawakili wa barabara yetu. Alisimama mlangoni mpaka nikamkaribisha mara ya pili, akatoa kwenye mfuko wa ndani picha iliyofungwa kwa gazeti, akailaza mbele yangu.

Ilikuwa picha ya mbwa mkubwa mweusi, ameketi barazani jioni. Jicho la kulia lilikuwa limewaka kijani kikali. La kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa. Nimeona macho mengi, lakini lile lilinirusha kidogo kwenye kiti.

"Anaitwa Koplo," akasema Mutiso. "Madam, hii mbwa haina shida. Shida ni hii picha."

Alinieleza taratibu. Waajiri wake walikuwa wamehamia ng'ambo na kumwacha mbwa nyuma. Wapangaji wapya wangeingia mwisho wa mwezi, na walikuwa na mbwa wao wawili wasiotaka mwenzao. Yeye Mutiso angebaki na kazi yake ya getini, lakini plot yao ya vyumba vya kupanga kule Kangemi haikuruhusu hata kuku, sembuse mbwa. Mwajiri alikuwa ameacha maagizo: Koplo asipopata mtu wa kumchukua kabla wageni hawajaingia, daktari wa mifugo ataitwa aje na sindano ya kumuua. Picha hiyo ilipigwa na binti wa nyumba kabla hawajaondoka, na Mutiso alikuwa ameibandika madukani Kitisuru ili mtu ajitokeze.

"Na kuna aliyejitokeza?"

"Nani? Askari wenzangu wanasema ni pepo. Kuna mama alipita hapo akasema ashindwe, na ni Koplo tu. Huyu hata paka inamnyang'anya chakula."

Nikamwuliza kwa nini asimpige picha nyingine mchana, bila flashi. Akasema flashi ile ilimtisha mbwa, na tangu siku hiyo akiona kamera anaingia chini ya kibanda cha askari na hatoki.

Niliitia picha kwenye skana, nikaikuza. Hapo ndipo mafunzo ya Mzee Gitau yaliponishika koti. Macho mawili mazima, yakitazama upande mmoja, huwaka karibu sawa. Haya hayakuwaka sawa. La kijani lilikuwa limerudisha mwanga kutoka nyuma kabisa, lakini lile jeupe mwanga haukufika nyuma, ulikuwa umezuiwa na kitu mlangoni mwa jicho.

"Bwana Mutiso," nikasema, "hili jicho la kushoto lina nini?"

Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Wezi walimrushia jiwe," akasema. "Alikuwa anawafukuza, pamoja na mimi. Ile jicho haioni." Kisha akainama mbele, na sauti yake ikawa ya mtu anayeomba. "Lakini si mnaweza kuichukua hiyo ya kulia muweke pande zote mbili? Nimesikia mnaweza. Mtu akishampeleka kwake, akae na yeye wiki moja, hataangalia mambo ya jicho. Atampenda tu. Shida ni mtu wa kwanza, madam. Mbwa mweusi, mkubwa, jicho moja. Nani atachukua?"

Nilimwambia arudi wiki ijayo. Alipoondoka, nilibaki na ile picha kwenye kioo na moyo mzito, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Kuhamisha jicho kutoka upande mmoja hadi mwingine ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Nilimwambia Mzee Gitau mambo yote, nikitumaini atanikataza au ataniruhusu ili lawama iwe yake.

"Umemwona mbwa?" akaniuliza.

"Nimemwona kwenye picha."

"Mimi sijakuuliza ya picha."

Hiyo ilikuwa desturi yake, na naomba msiiache ife. Kazi ikikushinda kuamua, nenda ukamwone mnyama. Jumamosi mchana nikaenda Kitisuru na kamera ya studio kwenye mkoba, nikatembea chini ya ile miti mpaka kwenye geti jeusi, na Mutiso akanifungulia akiwa na wasiwasi kama mtu anayeletewa wakaguzi.

Koplo alitangulia kunisalimia. Hakubweka. Alisimama akageuza kichwa upande wa kushoto, ili jicho lake zima linielekee mimi, akanusa viatu vyangu kwa makini, kisha akaniegemea na uzito wake wote. Karibu nianguke. Nilipofungua mkoba akaona ukanda wa kamera, na sikuwahi kujua mbwa mkubwa vile anaweza kuingia mahali padogo vile. Mkia tu ndio ulibaki nje ya kibanda. Niliupiga picha ule mkia, na ninayo mpaka leo.

Nilirudisha kamera mkobani, nikakaa kwenye kibao cha Mutiso, nikangoja mpaka Koplo akatoka. Niliangalia jicho lake la kushoto kwa ukaribu. Halikuwa jeupe kama maziwa hata kidogo. Ule weupe ulikuwa wa flashi. Lenyewe lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea mchele, kijivu laini, na pete nyeusi ukingoni. Lilikuwa jicho tulivu, na halikuogofya.

Kisha niliona jambo jingine ambalo Mutiso hakujua ninaliona. Walipotembea kuzunguka nyumba, alikuwa daima upande wa kushoto wa mbwa, goti lake likimgusa ubavuni kila hatua. Nilimwuliza kwa nini anatembea hivyo. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Ili ajue niko," akasema. "Mtu akimtokea hiyo upande bila yeye kujua, anashtuka. Siku moja mtoto wa nyumba alimshika ghafla, akageuka na meno. Hakumuuma. Lakini aligeuka na meno."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua, na sikufurahia uamuzi wangu. Jumatatu, hata hivyo, nilijaribu kwanza lile aliloniomba. Nililichukua jicho la kulia nikalisafisha, nikaligeuza, nikaliweka kushoto. Alitokea mbwa mzuri kweli, mbwa wa kwenye pakiti ya chakula cha mbwa. Nikamfikiria mtoto wa mtu fulani nisiyemjua, anamkimbilia huyu mbwa mzuri kutoka upande wa kushoto, mikono wazi. Nikamfikiria Koplo anarudishwa na sindano inamngoja palepale. Nikamfuta.

Kazi ya kweli ilinichukua siku nzima. Jicho la kulia niliondoa kijani, nikarudisha mboni na ile kahawia nzito niliyoiona Kitisuru, nikaacha kahawia ikolee juu na kufifia chini kama ilivyo kwa macho yote yaliyo chini ya nyusi. Jicho la kushoto niliondoa ukali wa flashi nikarudisha maji ya mchele na pete yake. Nilikuwa nimeweka nukta ya nuru kwenye la kulia tu Mzee Gitau alipopita na kikombe chake.

"Hiyo ingine umesahau," akasema.

"Hilo halioni, Mzee."

"Halioni, lakini si bado iko na maji? Weka nuru."

Nikaweka. Nukta ndogo, hafifu kidogo, upande uleule. Sijui kuwaelezea kilichotokea isipokuwa kwamba Koplo alinitazama. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi kidogo. Nikiulizwa ni siku gani niliipenda kazi hii, ni hiyo.

Chini ya picha tuliandika: Koplo anatafuta nyumba. Haumi watoto. Jicho la kushoto halioni, mkaribie kutoka kulia. Tukaweka namba ya simu ya studio kwa sababu Mutiso hakuwa na simu.

Alipokuja kuchukua mabango, uso wake ulianguka.

"Madam, umenimaliza," akasema polepole. "Umemmaliza yeye."

Nilimkumbusha siku ile ya mtoto wa nyumba. Nikamwambia anayemchukua Koplo lazima ajue atembee upande gani, la sivyo mbwa atamshtukia mtu, na hapo hakuna atakayemtetea. Hakubishana. Aliyakunja mabango ndani ya gazeti, akaondoka bila kuniaga, wala sikumlaumu. Moja nililibakisha mimi, nikalibandika jioni ile kwenye buchari ya karibu na nyumbani kwangu Dagoretti Corner, kwa kuwa mwenye buchari alinifahamu na watu wenye mbwa huenda pale kutafuta mifupa.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Simu ya studio ilikuwa mezani kwangu na kila ikilia niliinua kabla haijalia mara ya pili. Mmoja aliuliza ni mbwa wa aina gani, na nilipomwambia ni wa aina ya Koplo akakata. Mwingine alitaka mbwa mkali, mwingine alitaka mtoto wa mbwa. Kila jioni Mutiso alipiga kutoka kibanda cha simu Kangemi kabla ya kwenda zamu.

"Madam, kuna mtu?"

"Bado."

"Haya."

Kisha alikata simu. Afadhali angenitukana. Mwezi ulikuwa unaisha. Niliogopa. Nilianza kujiuliza kama ukweli wangu haukuwa majivuno tu ya fundi, na kama mbwa angekufa ili mimi nilale vizuri. Nilimwambia hivyo Mzee Gitau. Alinivutia kiti, akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi yake, ambayo hakuwahi kumpa mtu, akakaa nami mpaka nikaimaliza. Kuna mambo mengi ninayomshukuru mzee yule, na ile chai ni mojawapo ya makubwa.

Mwanamke aliyepiga alikuwa na sauti ya mtu anayefanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Nyuma yake kulikuwa na kelele za kuku.

"Ni nyinyi mko na mbwa ya jicho moja? Nimeona hapa buchari."

"Ni sisi, mama."

"Mimi ni Mama Shiro, nafuga kuku hapa nyuma ya Dagoretti Corner. Niko na wajukuu wadogo. Hapa mmeandika haumi watoto. Ni ukweli?"

"Ni ukweli. Mkimjia kutoka kulia."

"Sawa, nakuja kumwona." Nilishangaa. Nikamwuliza kama hana swali lingine. "Swali ya nini?" akasema. "Watu wakiwa na mbwa wanataka kuniondokea nayo, wananiambia ni malaika. Nyinyi mmeniambia jicho imekufa na sijauliza. Basi na hiyo ya watoto nimeamini."

Alimchukua siku mbili kabla ya wapangaji kuingia, kwa pikapu ya kupelekea mayai. Mutiso alinisimulia baadaye kwamba kabla ya kumpandisha alimtembeza Mama Shiro mara kadhaa kuzunguka ile bustani, goti likiwa ubavuni mwa mbwa, mpaka akaona mama ameushika mwendo. Jioni ile alipiga simu kutoka Kangemi kama kawaida.

"Madam, hakuna kitu nataka," akasema. "Ni mazoea tu." Tukacheka wote wawili mpaka shilingi yake ikaisha.

Miaka iliyofuata ilipita upesi. Mzee Gitau aliaga kazi, akarudi kwao Kiambu kulima, na akaniachia ile lenzi yenye uzi ambayo sasa ni ya Achieng. Kamera zikawa za kidijitali, watu wakajifunza kupiga mbwa wao picha mchana, na macho ya kuwaka yakapungua. Sikusikitika. Nililishwa na makosa ya kamera kwa muda wa kutosha, na nikakutana kwayo na wanyama wengi wema na baadhi ya watu wao. Ningepewa kuchagua tena kati ya maharusi na mbwa, ningeteremka tena bila kununa.

Ilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho, mvua ya asubuhi ikiwa bado kwenye ngazi, Mutiso alipoingia. Nywele zilikuwa nyeupe, koti bado limepigwa pasi. Safari hii hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alisema Koplo amekufa, amekufa kwa uzee, amelala mahali pake penye jua, na Mama Shiro amemzika nyuma ya banda la kuku, wajukuu wakiwepo. Yeye pia aliitwa, akaenda. Kwa miaka yote hiyo siku zake za mapumziko alikuwa akitoka Kangemi kwenda Dagoretti Corner kutembea naye. Sasa alitaka picha ya kuweka ukutani, kwa sababu bango alilohifadhi lilikuwa limefifia.

Nilitafuta kwenye diski za zamani nikaipata. Niliichapa kubwa, kwenye karatasi nzuri, bila maandishi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akakaa nayo pale muda mrefu. Nilijifanya nina shughuli.

"Madam," akasema, bado amenipa mgongo. "Ile siku nilikuomba macho mawili. Ulijaribu kuitengeneza?"

"Niliitengeneza," nikamwambia. "Ilikuwa nzuri. Nikaifuta."

Aliiangalia picha tena. Alipitisha kidole juu ya lile jicho la maji ya mchele, taratibu, bila kuigusa karatasi.

"Ni vizuri uliifuta," akasema. "Huyo singemjua."